Kidole cha Kuazima

Mutuini, Dagoretti
15 Agosti 2004

Kwako mdogo wangu Kui,

Pokea salamu kutoka kwa watu wote wa nyumbani, pamoja na wale wasiojua kwamba ninakuandikia. Natumaini jua la Turkana halijakumaliza, na kwamba wagonjwa wako wanakusikiliza kuliko tulivyokuwa tukikusikiliza sisi. Mimi kiafya ni mzima. Kile kikohozi cha baridi ya Julai kiliniacha wiki iliyopita. Mengine yangu utayasoma humu, na ninakuomba uketi kwanza, uwe peke yako.

Baba anaendelea na zile nyumba zake mbili za kupangisha pale kwenye ua. Amegombana na fundi wa kwanza, amegombana na wa pili, na sasa anapiga plasta mwenyewe akiegemea ule mguu wake mbovu, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayemletea wapangaji. Ng'ombe mwenye paji jeupe amezaa ndama dume. Baba alinuna siku mbili, kana kwamba ng'ombe alifanya makusudi. Mama hajambo, na akina mama wa kanisani kila Jumapili wananiuliza habari zako, nami ninawajibu kwamba mahali ulipo simu haishiki, jambo ambalo angalau ni la kweli.

Mimi bado niko River Road, palepale kwenye duka la uchapaji. Agosti hii watu wanaoana kama waliopewa amri na serikali. Tangu asubuhi mpaka jioni ninapanga majina ya mabibi harusi na mabwana harusi, ninachagua maua ya pembeni, ninasahihisha majina ya makanisa. Kazi hiyo unajua huwa naifanyia mzaha. Siku hizi mzaha umeniishia.

Sasa nije kwenye habari ya mbuzi. Ulipomrudishia Muchiri pete yake Januari na kupanda basi la Kitale, ulituachia mbuzi wa watu uani. Desturi unaijua: msichana akikataa, mbuzi wa mahari hurudi walikotoka. Baba alivuta siku akisema hasira zako zitapoa. Zikapita Machi na Aprili. Mbuzi wakazaa, na Mama na Baba wakaanza kubishana kama vitoto navyo vinarudi au vinabaki. Mwezi wa sita wazee wa kina Muchiri wakatuma mtu kuuliza kwa upole ni lini waje.

Halafu Julai, Muchiri mwenyewe akaja kazini kwangu. Amekonda, Kui. Alinipeleka hoteli moja ya chai karibu na hapo, akaagiza chai asiinywe, akaitoa ile pete mfukoni na kuiweka mezani kati ya vikombe. Alizungumza akiiangalia pete badala ya kuniangalia mimi. Alisema amechoka kuonewa huruma na watu wa ofisini kwao. Akasema kwamba mwaka huu wote mtu pekee aliyewahi kuketi naye na kumsikiliza ni mimi, na kama ningekubali tuoane, basi mbuzi wangebaki walipo na wazee wa pande zote mbili wasingeaibika. Unaona alivyoyapanga: mimi na mbuzi tuliingia katika sentensi moja. Ilinipasa nicheke. Lakini mimi, na mdomo wangu huu unaoujua, sikucheka. Niliichukua pete nikaivaa, ikaingia bila ubishi, nikamwambia ndiyo.

Usiitupe barua, soma.

Mama aliiona pete jioni hiyo nikimwaga chai. Alisema pengine Mungu alikuwa anajua anachofanya, na tangu siku hiyo anaosha sufuria akiimba. Baba naye alisema jambo limejitatua, mbuzi wamepata mwenyewe. Tarehe imewekwa. Wazee watakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, si kuchukua mbuzi tena, bali kutamka rasmi kwamba walikuja kwa ajili ya binti mkubwa. Mimi nikapewa kazi ya kukuandikia kuomba baraka zako. Barua hiyo niliianza mara tatu nikaichana. Hii siyo hiyo.

Kuna mambo hujawahi kuambiwa kuhusu ile pete, na ya kwanza yanaanzia Oktoba, siku ambayo watu wa kina Muchiri walikuja nyumbani mara ya kwanza. Utakumbuka kwamba kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na sina mtu, waliniletea mbuzi na blanketi ili nikubali mdogo wangu anipite. Nilijitupia blanketi mabegani nikacheza mbele ya wageni, wakapiga makofi, wakasema Wamucii ana moyo mweupe. Wewe ulinikumbatia. Halafu nikaenda zizini nikisingizia kumwangalia ng'ombe, nikalia mpaka Mama aliponiita mara ya tatu. Nina miaka thelathini na minne, Kui. Niliomboleza kama mtu aliyefiwa, na aliyekufa sikumjua ni nani.

Wiki mbili baadaye Muchiri alikuja River Road kuniomba msaada wa siri. Alitaka kukuvalisha pete siku baada ya Krismasi, na hakutaka pete ya kununuliwa dirishani ambayo kila mwanamke mjini anayo. Alitaka uwe na yako peke yako. Saizi hakuijua, lakini alikuwa ameona kwamba mikono yetu mimi na wewe haina tofauti, hata viatu tunavaa namba ileile tangu utoto. Akaniuliza kama ningemwazima kidole. Hivyo ndivyo alivyosema, nami nikamjibu kwamba kidole changu hakina shughuli nyingine.

Basi tukawa tunazunguka jioni baada ya kazi. Tulimaliza maduka ya Kimathi Street na ya Kenyatta Avenue, na kila pete aliikataa. Mwishowe mteja wetu mmoja akatuelekeza kwa sonara anayeitwa Mzee Pranlal, ambaye ana karakana ghorofani juu ya duka la vitambaa, Biashara Street. Yeye hutengeneza pete kwa mkono wake, na mkewe, Mama Tara, huandika oda kwenye daftari. Tulikuta kijana mmoja mbele yetu amekuja na uzi aliokuwa amepimia kidole cha dada ya mchumba wake. Mzee Pranlal aliusukuma uzi ule kando. Alimwambia kwamba kwa miaka arobaini hajawahi kuona pete iliyopimwa kwa kidole cha kuazima isiyorudi. Ama itabana, ama mwenyewe ataivaa na kusema si yake. Amlete mwenye kidole, basi.

Zamu yetu ilipofika, Mzee akatoa shada lake la pete za kupimia na kuuliza kidole ni cha nani. Muchiri alinigeukia. Mimi ndiye niliyesema kwamba ni changu, bibi harusi ni mimi.

Ilikuwa hila tu ya kupata pete, na tulipokuwa tukishuka ngazi jioni ile Muchiri alicheka hadi akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Lakini kabla ya kushuka, mambo mawili yalitokea. Mama Tara alileta sahani ya barfi, ile tamutamu yao ya maziwa, akanilisha kipande kwa mkono wake akisema, "Bibi harusi nakula tamu kwanza." Na Mzee Pranlal akakigeuza kiti chake kutoka kwa Muchiri kunielekea mimi. Alisema pete huvaliwa na mwanamke, kwa hiyo mwanamke ndiye aseme. Muchiri aliniinamia akaninong'oneza, "Wewe sema tu vile Kui angesema."

Nikasema. Nilianza kwa kusema jiwe lisiinuke, kwa kuwa mimi ni nesi na navaa glavu, na jiwe la juu lingezipasua. Mama Tara akaandika. Nikasema dhahabu ising'ae, igongwegongwe kwa nyundo mpaka ifanane na kitu kilichokwisha kuvaliwa na bibi mzaa mama wa mtu. Jiwe liwe lile la kijani la Taita, dogo, lizamishwe ndani ya dhahabu, ukipitisha kidole juu yake usihisi chochote. Mzee alivua miwani. Alisema mabibi harusi wengi huja wakimwonyesha picha, na hakuna aliyewahi kumweleza pete waziwazi hivyo. Muchiri alinitazama kwa shukrani. Alifikiri ninakujua sana.

Kwa jumla tulikwenda pale mara nne, maana Mzee hapimi kidole jioni ya baridi kikiwa kimesinyaa, na kila hatua alitaka nijaribu. Mara zote nne nilikuwa bibi harusi. Mama Tara aliniuliza habari ya nguo, ya mama yangu, ya mahali tutakapoishi. Nilimjibu kwamba tutaishi Kileleshwa, na jikoni kuna dirisha linalotazama mti wa jakaranda. Muchiri alikuwa kando, akitabasamu, akidhani bado ninaigiza.

Siku ulipovalishwa, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Mama alisema pete hiyo ni kama nati ya kwenye duka la vyuma. Watu wote wakacheka, na wewe ukacheka, ila macho yako hayakucheka. Ukaivaa wiki tatu ukiizungushazungusha kama kitu kinachowasha.

Sasa, Kui, nisikilize. Wewe ulikuwa umeniambia.

Ulikuwa umeniambia mwaka mmoja kabla, siku tuliyokununulia viatu vyeupe vya kazi. Tulisimama mbele ya kioo cha duka Kimathi Street, ukaweka kidole kwenye kioo ukanionyesha pete ya jiwe jeupe lililosimama juu kwa makucha yake. Ulisema kama kuna mwanamume atakuja kuniuliza siku moja, nimwambie ile. Hata habari ya glavu ulikuwa umeifikiria: ulisema kazini utaivua na kuitia kwenye mkufu shingoni. Nilikucheka nikasema unapenda vitu vya kumetameta kama kunguru. Haya yote niliyakumbuka Mzee Pranlal alipokuwa akigeuza kiti. Asikudanganye mtu kwamba nilisahau. Nilikumbuka kila neno, nikanyamaza, nikaieleza pete ambayo mimi mwenyewe ningependa kuvalishwa.

Na kuna baya zaidi. Januari tulikuwa jikoni tukimenya viazi, ukaniuliza kama Muchiri aliwahi kuja kwangu kuuliza unapenda nini. Ukasema ungeridhika kujua kwamba alijaribu kuuliza. Nami nikasema hapana, hakuniuliza. Nililiona neno hilo likikuingia. Uliweka kisu chini. Siku mbili baadaye ulimrudishia pete yake, ukamwambia huwezi kuishi na mtu asiyekujua na asiyetaka kukujua. Yeye hakujitetea. Nilikuwa nimemwapisha asinitaje, tena aliamini kwamba pete haikuwa na kosa, maana ilitoka kinywani mwa dada yako. Kwa hiyo alielewa kwamba unayemkataa ni yeye.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilimpenda. Kuandika sentensi hiyo kumenichukua karibu mwaka. Sikukusudia kumchukua. Mwanzoni nilitaka tu nipate jioni nne za kuulizwa ninataka nini. Lakini ulipouliza jikoni ningeweza kuyarudisha yote kwa neno moja, na sikulisema.

Alipoiweka ile pete mezani Julai, nilifurahi. Nakuandikia ukweli: nilikuwa na furaha wiki mbili na siku kadhaa. Nilikuwa nikipanga herufi kazini huku naitazama mkononi, wateja wakinipongeza, nami napokea. Jumamosi ya tarehe saba Muchiri akanipeleka Kileleshwa nikaione nyumba. Jikoni kumepakwa rangi ya njano. Nilimuuliza aliipaka lini, akasema Desemba, kwa kuwa ulipenda njano. Akapika chai bila tangawizi, kama unavyoinywa wewe, bila kuniuliza, halafu akastuka, akaomba radhi, akasema ni mazoea. Kwenye rafu kulikuwa na ile redio ndogo uliyokuwa ukiitamani ya kusikilizia mahubiri asubuhi, na bado ilikuwa kwenye karatasi yake. Mtu huyo alikuwa anakujua, Kui. Alijua kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho nilikiziba mimi.

Niliiacha ile chai. Juzi Ijumaa nikamwita kwenye bustani ya Jevanjee baada ya kazi, tukakaa kwenye benchi, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimeamua nitajibu nini. Aliniuliza kitu kimoja tu: kwamba Kui alitaka jiwe jeupe? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, polepole, kwamba basi ilikuwa pete, haikuwa yeye?

Nikamwambia hukujua kwamba aliwahi kuuliza. Nikamwambia haikuwa yeye.

Nimekuwa bibi harusi wa mtu huyo mara nne mbele ya sonara na wiki tatu mbele ya wazazi wetu, na uso ule sijawahi kuuona. Aliinuka akaketi, akainuka tena. Alianza kuuliza basi la Kitale linaondoka saa ngapi na kutoka huko mtu anafikaje Lodwar, uliko wewe. Nilivua pete nikampa, akaitia mfukoni bila kuiangalia. Hata kunikasirikia alisahau. Kwa miezi kumi nilikuwa nikijiambia kwamba pengine sehemu yake ndogo ilikuwa yangu. Pale kwenye benchi nilijua haikuwahi kuwapo.

Barua hii imeletwa na yeye. Nimemwomba aiache kwa mlinzi wa hospitali, asijionyeshe mpaka uimalize, ili usilazimike kuisoma ukiangaliwa. Hajui nilichoandika kuhusu zizi wala kuhusu furaha yangu, na ninakuomba hayo yabaki kwako. Hakuja na pete ya kukuvalisha. Nilimwambia mwende mkachague wenyewe, siku utakayotaka, kama utataka. Ukiona huwezi, mtume mlinzi amwambie, atarudi Nairobi na mbuzi watarudi kwao, na mimi nitasimama mbele ya wazee siku hiyo ya tarehe ishirini na nane niseme kosa ni la nani, asikuseme mtu.

Mama na Baba nitawaambia leo jioni, nikishamaliza kuandika. Sijui nitaanzia wapi. Ninamsikia Mama huko nje anaimba, na ningependa amalize wimbo.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, maana mtu aliye mbali ni rahisi kumsamehe. Utakapokuja nyumbani uniangalie kwanza, ndipo uamue. Baba anakusalimu, anasema usisahau kunywa maji. Mama anakusalimu, anauliza kama mboga zinapatikana huko. Wasalimie manesi wenzako, na yule mama mpishi uliyetuandikia habari zake. Usinijibu upesi. Mimi nipo.

Sasa ikunje hii barua uende langoni, Kui. Amesafiri siku mbili, na jua la huko hajalizoea.

Ni mimi dada yako,
Wamucii